Dola iliyoondoka zahanati ikabaki kwenye kizuizi: uhuru wa mtu binafsi tangu 1983 hadi soko huria

Mleta mada

Wadau, salaam.

Nimefuatilia kwa muda mrefu mijadala ya humu kuhusu soko huria, na naona tunayatumia maneno mawili kana kwamba yana maana moja. La kwanza ni ulibertariani, yaani fikra isemayo kwamba mtu ni mmiliki wa nafsi yake na jasho lake, na kwamba serikali haina haki ya kugusa alichonacho isipokuwa katika kumlinda dhidi ya wizi, ghiliba na ukatili. La pili ni uliberali mamboleo, ambao ni mpango wa utawala: kuuza mashirika ya umma, kufungua mipaka ya biashara, kubana matumizi ya huduma za jamii, na kuifanya serikali iwe mlinzi wa soko. Mtu anaweza kuukubali mmoja na kuukataa mwingine, na hoja yangu ni kwamba sisi Watanzania tuliahidiwa wa kwanza tukaletewa wa pili.

Naanzia mwaka 1983 kwa sababu ndipo nilipojifunza, nikiwa mtoto wa darasa la nne, maana ya kuiogopa dola. Baba yangu alikuwa na duka la mlango mmoja katika mji mdogo wa Mkoa wa Tanga. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza mwishoni mwa Machi, yeye alikuwa na katoni mbili za sabuni za miche zilizopita njia za panya kutoka Mombasa. Usiku ule ule tulichimba shimo kwenye migomba tukazifukia. Hatukujua kwamba masika yangetusaliti: mvua ya kwanza iliponyesha, povu jeupe lilianza kuchuruzika kutoka chini ya shina la mgomba, likafuata mkondo wa maji hadi njiani walipokuwa wakipita watu. Kila alfajiri kwa siku kadhaa Mama alitoka na jivu la jikoni akalimwaga juu ya povu lile kabla jua halijachomoza.

Sheria ya Uhujumu Uchumi ilipitishwa Bungeni mwezi Aprili, wakati watu walikwisha kuanza kukamatwa. Mshtakiwa hakupewa dhamana, hakuruhusiwa wakili, wala hakuweza kukata rufaa mbele ya mahakama za kawaida, kwa kuwa kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu. Hayati Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati ule, alikuwa kiongozi mwadilifu, na mimi bado namheshimu. Walanguzi wakubwa walikuwepo kweli. Lakini sheria isiyotofautisha mlanguzi wa malori kumi na mwenye katoni mbili za sabuni ni sheria inayomfanya kila raia awe mshukiwa.

Sabuni ilikuwa adimu kwa nini? Hapa ndipo Friedrich Hayek, mwanauchumi mzaliwa wa Vienna, ananishika mkono. Mwaka 1945 alieleza kwamba bei ni chombo cha habari kabla ya kuwa chombo cha faida. Ujuzi wa nani anahitaji nini na nani anaweza kukitengeneza umetawanyika kwa mamilioni ya watu, na hakuna ofisi inayoweza kuukusanya wote mezani. Tume ya Bei iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ilijaribu kufanya hivyo hasa, kwa kupanga bei za bidhaa kuanzia sukari hadi jembe. Bei ilipokuwa chini ya gharama, kiwanda kilipunguza uzalishaji, bidhaa ikahamia mlango wa nyuma, na mwananchi akapanga foleni kwenye duka la ushirika akiwa na kadi ya kaya mkononi. Uhaba ulikuwa na sababu nyingine pia: vita vya Kagera, bei ya mafuta duniani, na ukosefu wa fedha za kigeni. Hata hivyo, tafsiri ya serikali kwamba uhaba uliletwa na waovu ilikuwa kosa, na kosa hilo walililipia watu wadogo.

Kwa hiyo Mzee Mwinyi alipoingia madarakani Novemba 1985 na watu wakamwita Mzee Ruksa, neno hilo "ruksa" halikuwa mzaha nyumbani kwetu. Baba alilitamka kwa sauti ya chini kama mtu anayeijaribu sakafu kwa mguu. Mitumba ikaruhusiwa, sabuni ikarudi rafuni, na hakuna aliyefukia kitu tena. Huu ulikuwa uhuru wa kweli, na anayeudharau hakuishi wakati ule.

Swali langu kwenu ni hili: uhuru ule uliishia wapi?

Muuguzi mstaafu

Mwanangu, umeanza vizuri, nami nitakujibu ulipoishia.

Mimi nilifanya kazi katika hospitali ya wilaya kwa miaka 27, na sitaitaja kwa sababu wenzangu wengi walikuwa wakitimiza walichoagizwa. Mwaka 1993 tuliletewa utaratibu wa uchangiaji gharama. Tuliambiwa kwamba mwananchi atakuwa na sauti zaidi kwa sababu sasa ni mteja, na kwamba watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na maskini wasiojiweza watasamehewa. Likawekwa dirisha la malipo kando ya dirisha la dawa.

Kuna mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka tisa mwenye homa kali, na miaka tisa haikuwa katika msamaha. Umaskini wake ulihitaji barua ya mtendaji wa kijiji, na kijiji kilikuwa mbali, siku nzima kwenda na kurudi. Alifungua pindo la kanga yake akahesabu sarafu mara mbili, kisha akavua kitenge cha juu, akakikunja vizuri akakiweka kwenye dirisha la malipo kama rehani. Karani alikikubali. Mtoto alitibiwa na alipona. Lakini yule mama alirudi kwao akiwa na kanga moja, na nilipomaliza zamu jioni kitenge kilikuwa bado kwenye droo.

Niambieni ninyi mliosoma, yule mama alikuwa huru kuliko alivyokuwa mwaka 1983? Hakuna askari aliyemgusa wala sheria iliyomzuia kuingia hospitalini. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kama uhuru maana yake ni kutozuiwa na serikali, basi alikuwa huru kamili, na mimi neno hilo silitaki.

Kijana wa soko huria

Shikamoo Mama. Simulizi yako imenigusa na sitaibishia. Ila naomba ulibertariani usihukumiwe kwa makosa ya mwingine.

Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, alijenga hoja yake mwaka 1974 juu ya msingi mmoja: watu wana haki, na kuna mambo ambayo hakuna mtu wala kundi lolote linaloweza kuwatendea bila kuzivunja haki hizo. Kwake kodi ya jasho la mtu inafanana na kazi ya kulazimishwa, kwa sababu sehemu ya saa zako za kazi inakuwa mali ya mwingine bila ridhaa yako. Mnaweza kumkataa, lakini hebu tumtumie kama kipimo cha yaliyotokea hapa baada ya mkataba wa 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Je, dola ilipungua?

Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wetu waliiona kuwa ni kodi ya kichwa iliyobadilishwa jina, iliendelea hadi ilipofutwa mwaka 2003. Katika miaka yote ya tisini mgambo waliweka kamba barabarani siku za mnada, na wanaume walikimbilia mashambani au kulala vichakani kwa sababu hawakuwa na stakabadhi. Sheria ya Nguvukazi, ambayo ilitumika mwaka ule ule wa 1983 kuwakusanya vijana wasio na ajira Dar es Salaam na kuwarudisha mikoani, ilikwisha, lakini kumkimbiza mchuuzi hakukwisha. Desemba 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasisumbuliwe, na Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani wakiwa navyo mifukoni. Mimi mwenyewe niliuza vifuniko vya simu kwa miaka mitatu. Najua sauti ya turubai likivutwa upesi kabla gari la jiji halijasimama.

Hivyo basi, Mama, iliyoondoka ni serikali ya hospitali. Serikali ya kamba haikuondoka. Mlibertariani wa kweli angeanza kuondoa kamba.

Mleta mada

Ndugu yangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu nianzishe uzi huu, nami nakushukuru. Niruhusu nieleze kwa nini naamini kwamba haikuwa bahati mbaya.

Uliberali mamboleo haukuwahi kutaka dola dhaifu. Mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kuliko kote ni Chile. Baada ya mapinduzi ya Septemba 11, 1973, Jenerali Augusto Pinochet aliwapa uongozi wa uchumi wachumi waliosomea Chuo Kikuu cha Chicago. Milton Friedman, mwanauchumi wa chuo hicho, alizuru nchi hiyo mwaka 1975 na kushauri matumizi ya serikali yapunguzwe kwa mkupuo. Vyama vya wafanyakazi vilivunjwa nguvu, wapinzani waliuawa au kupotezwa, na katika ukimya huo bei zikaachiwa huru. Hayek naye alipohojiwa na gazeti la huko mwaka 1981 alikiri kwamba angependelea dikteta mliberali kuliko demokrasia isiyo na uliberali. Nimemtaja Hayek kwa heshima hapo juu, na ndiyo maana kauli hii inaniuma: mtu aliyetufundisha kwamba hakuna ofisi inayojua yote aliiona kambi moja ya jeshi kuwa yatosha.

Tazameni hasa mfuko wa pensheni. Kuanzia Mei 1981, mfanyakazi wa Chile alianza kukatwa asilimia 10 ya mshahara wake na kuipeleka katika kampuni binafsi ya kutunza akiba. Aliyekuwa kazini tayari aliweza kubaki katika mfumo wa zamani, lakini aliyeanza kazi tangu 1983 alichagua kampuni tu. Kukatwa hakukuwa na hiari. Dola ilitumia nguvu zake zote kumfikisha raia kwenye mlango wa kampuni, kisha ikatangaza kwamba hilo ni soko. Na wanajeshi waliousimamia utaratibu huo kwa bunduki walibaki katika mfuko wao wa zamani unaodhaminiwa na serikali. Shaba nayo, iliyotaifishwa mwaka 1971, jenerali hakuiuza. Shirika la umma liliendelea kuichimba na sehemu ya mapato ikaenda jeshini. Benki zilipoyumba katika msukosuko wa 1982, serikali ile ile iliyohubiri kutoingilia iliingia mwaka uliofuata ikazichukua kubwa kati yake. Oktoba 2019 nauli ya treni za chini ya ardhi Santiago iliongezwa kwa peso 30, nchi ikalipuka, na waandamanaji wakasema kwamba tatizo halikuwa peso 30, lilikuwa miaka 30.

Sisi hatukuwa na Pinochet, na sitaki kulinganisha visivyolingana. Mwalimu Nyerere alipambana na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa hadharani. Katika salamu zake kwa mabalozi Januari 1980 aliuliza tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mwishoni mwa 1979, Edwin Mtei alikuwa ameacha uwaziri wa fedha kwa kutofautiana naye juu ya jambo hilo hilo. Mlango ulianza kufunguliwa kidogo katika bajeti ya 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na mkataba na Shirika ukasainiwa 1986. Hapakuwa na bunduki. Lakini chaguo la nini kipunguzwe na nini kibaki lilifuata njia ile ile: kilichopunguzwa ni kile ambacho mnyonge alikidai kutoka kwa dola, na kilichobaki ni kile ambacho dola ilikidai kutoka kwa mnyonge.

Ndugu kijana, sasa na wewe nakuuliza. Tuseme kamba imeondolewa na mgambo wamerudi makwao. Yule mama mwenye kitenge anabaki pale pale dirishani. Nozick hana jibu lake isipokuwa hisani. Hayek alikuwa nalo, maana alikubali tangu 1944 kwamba jamii yenye uwezo inaweza kumhakikishia kila mtu kiwango cha chini cha chakula, malazi na afya bila kuuharibu uhuru. Friedman naye alipendekeza mwaka 1962 kwamba mwenye kipato cha chini mno apewe fedha na serikali kupitia mfumo wa kodi. Haya hayakufika kwetu katika masharti yale. Tulisomewa ukurasa wa kubana matumizi tu.

Mkulima wa Newala

Mimi si msomi wa falsafa ila ninalima korosho, na suala hili tunaishi nalo kila msimu. Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Korosho inahitaji dawa ya salfa mwezi wa sita na wa saba, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua. Mwezi huo mkulima hana fedha. Anakuja mtu wa kangomba, ambaye ni jirani tu mwenye mtaji, anakwambia nipe korosho zako za Oktoba, mimi nakupa fedha leo. Mwaka 2017 alinipa shilingi 1,000 kwa kilo. Nilinunua salfa, nikamlipia binti yangu daladala ya kwenda shule na sare. Msimu ulipofunguka mnada ukapita shilingi 3,000. Nikapeleka magunia yangu matatu nyumbani kwa jirani usiku kwa sababu kangomba ni haramu, na yeye akayapeleka kwenye chama cha ushirika kwa jina lake.

Kijana wa soko huria atasema tulikubaliana kwa hiari, watu wazima wawili, na serikali isituingilie. Ni kweli tulikubaliana. Hata mkono tulipeana.

Upande wa pili, serikali inasema tuuze kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani peke yake, yaani korosho ziwekwe ghalani kisha ziuzwe kwa mnada, utaratibu tulionao Mtwara tangu msimu wa 2007. Mnada umepandisha bei, nakiri, kwa sababu zamani mnunuzi alikuja shambani na mizani yake mwenyewe. Lakini makato ni mengi, na siwezi kumuuzia mwingine hata chama kikinichelewesha. Novemba 2018 wanunuzi walitoa bei ya chini, Rais Magufuli akakataa, akatangaza kwamba serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Siku ile tulishangilia, mimi nikiwa mmoja wao. Kisha likaja zoezi la uhakiki: mkulima aonyeshe shamba lake ndipo alipwe, ili wa kangomba wabainike. Wengi tulisubiri malipo kwa miezi. Ilipofika Juni iliyofuata, salfa ikahitajika tena, na fedha ya msimu uliopita ilikuwa haijaingia. Nilirudi kwa jirani yule yule.

Kwa hiyo mimi nimekosa uhuru mara mbili, mara moja kwa hiari na mara moja kwa amri.

Kijana wa soko huria

Mzee wangu, shikamoo. Mkataba uliofanywa usiku kwa kuogopa kukamatwa una bei mbaya kwa sababu ya ile hofu. Kangomba angekuwa halali, wangekuja kumi kushindania korosho zako, na shilingi 1,000 ingekuwa 2,000. Marufuku inamsaidia yule mmoja mwenye ujasiri wa kuivunja.

Mkulima wa Newala

Marahaba mjukuu wangu. Umesema jambo la kweli ambalo sikuwahi kulifikiria hivyo. Ila kumbuka kwamba kabla ya 2007 walikuwa halali, walikuwa wengi, na bei waliipanga kwa pamoja wakiwa wamekaa chini ya mwembe mmoja.

Mleta mada

Niliposoma maneno ya mzee kuhusu kukosa uhuru mara mbili nilikaa nayo siku nzima. Nafikiri sasa naweza kusema kile nilichokuwa nikikizungukia.

Tumezoea kupima uhuru kwa kuuliza nani anatuamuru. Walibertariani wanaitazama dola peke yake kwa sababu ndiyo yenye jela, na hofu yao ni halali kwa yeyote aliyewahi kumwaga jivu juu ya povu la sabuni. Lakini naona kipimo kinachofaa zaidi ni uwezo wa kukataa. Baba yangu hakuweza kuikatalia sheria ya 1983. Mama mwenye kitenge hakuweza kuikatalia bei ya dirishani. Mzee wa Newala hakuweza kumkatalia jirani mwezi wa Juni, wala chama mwezi wa Oktoba. Aliyewabana ni tofauti kila mara, na mbano ni ule ule. Anayemwondoa mbanaji mmoja na kumwacha raia mikono mitupu mbele ya mwingine hajamwongezea uhuru.

Jambo hili lina mizizi katika sheria zetu wenyewe. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, mwaka mmoja tu baada ya sheria ile ya uhujumu. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichokuwa kikiwanyima dhamana watu wa makosa fulani. Lakini katika hukumu hiyo hiyo ilisisitiza kwamba Katiba yetu, tofauti na nyingi za nchi za Magharibi, inatambua haki za mtu pamoja na wajibu wake kwa jamii. Wengine wanaona majaji waliacha mwanya wa dola kurudi kwa jina la jamii. Mimi naona walisema jambo gumu lakini sahihi: kwamba mtu apate dhamana, na kwamba jamii nayo inamdai na inadaiwa naye. Zahanati ni deni la namna hiyo.

Mama, ningependa kujua kitenge kile kiliishia wapi, kama unakumbuka. Na wewe mzee, nakuuliza moja kwa moja: Juni ile, kabla hujapeana mkono na jirani, ni kitu gani kingekuwezesha kumwambia hapana?

Muuguzi mstaafu

Nilikikomboa mimi mwisho wa mwezi. Nilikituma kwa mtu wa kijiji chao, na sijui kama kilifika.

Mkulima wa Newala

Mifuko sita ya salfa kwa mkopo, nilipe Desemba, na mtu wa kuniandikia risiti.

Hiyo tu. Sikuhitaji jeshi, na jirani nisingemfunga.